Mshindi wa Pili

Mimi ndiye nifuaye jezi za Vifaru.
Usiniulize kuhusu msimu wa raga, niulize kuhusu matope.
Nayajua kwa rangi: yale mekundu ya Ngong Road
hutoka kwa maji vuguvugu na subira;
yale meusi ya Embakasi
hung'ang'ania kola kama deni la duka.

Novemba tulianza vibaya. Tukapigwa Thika,
tukapigwa nyumbani, Makadara, mbele ya watu arobaini
na mbuzi wa jirani.
Gazeti lilituandika mstari mmoja
na jina la klabu likakosewa.

Kisha sijui nini kiliwaingia wale vijana.
Labda ni mshahara, mwaka wa kwanza kulipwa,
simu zikilia zote pamoja tarehe tano
mle chumba cha kubadilishia nguo.
Labda ni Wafubwa, aliyerudi na goti la kushonwa
akakimbia kana kwamba goti ni la mtu mwingine.

Tukashinda. Tukashinda tena. Wiki tisa mfululizo
nikauanika ushindi kambani, moja hadi kumi na tano,
uani kwangu Jericho, majirani wakipita wakikagua:
"Mama Kagendo, namba nane imechanika kwapa!"
Namba nane huchanika kwapa
kila tunapompiga mtu vizuri.
Nilinunua uzi mara tatu.

Maji ya kanjo huja Jumanne na Ijumaa.
Mechi ni Jumamosi. Piga hesabu mwenyewe
jezi hulala na jasho lake siku ngapi
chini ya kitanda changu.
Nimelala na harufu ya timu inayopanda
na harufu hiyo, niamini, si mbaya.

Aprili, mvua. Mechi ya mwisho, wale wale wa Thika,
wao kileleni mwa kundi, sisi tukiwashika kisigino.
Ishirini na mbili kwa ishirini. Dakika ya themanini
tukapewa penalti, upande wa kushoto,
na Musyimi akafuta kiatu kwenye soksi
(soksi nyeupe, Musyimi, nyeupe!)
akapiga.
Mpira ukagonga mlingoti,
ukasita hewani kama mtu aliyesahau
alichoendea jikoni,
ukaangukia upande wetu.

Wanasema hakuna aliyelia. Uongo.
Lemayian alilia ndani ya taulo,
na taulo naijua, chumvi yake naijua.
Kocha akasema, asiyekubali kushindwa si mshindani.
Nikasema moyoni: methali hiyo
ilitungwa na mtu aliyerudi nyumbani na kombe.

Jumanne nikaloweka. Kwenye beseni
ikaibuka karatasi, kutoka kaptura ya Athumani
wa Majengo, nguzo wetu wa skramu,
kilo mia na kumi na nne, mtu wa maneno machache.
Wino ulikuwa unayeyuka. Nikausoma mbio mbio:

Tulipanda kwa magoti, toka chini ya shimoni,
Tukazuiwa na mti, shibiri moja angani,
Wa pili siye maiti, hakuzikwa kaburini,
Nifulie langu shati, narejea uwanjani.

Nikaibana kambani kwa kibanio,
kati ya namba moja na namba mbili,
ikapepea huko hadi jioni, nyeupe tupu.

Tangu siku hiyo nalitafuna lile neno.
Redioni wametuita mshindi wa pili.
Sikia vizuri: mshindi.
Hilo la pili ni anwani tu,
kama kusema nyumba ya pili kutoka kwa muuza makaa,
na watu huishi humo, hupika, hucheka.
Lakini sitakudanganya. Usiku nikigeuka
bado nausikia ule mlingoti.

Ijumaa maji yakija naanza na namba nane.
Doa la kifuani limekataa sabuni ya kipande,
limekataa limau, limekataa jua.
Nimeliacha.
Msimu ujao wakiuliza ni la nini,
Wafubwa atawaeleza. Au mimi.